Mapenzi, vichekesho, upelelezi au uchawi: tamthilia yenu ya kwanza Arusha au Moshi ichanganye nini?

Kikundi chenye kamera moja, maiki mbili na wasanii wanane kinaweza kutoa tamthilia nzuri. Uamuzi utakaokiokoa au kukiangusha hufanywa mapema, watu wakiwa bado mezani na daftari: hii tamthilia ni ya aina gani? Siku hizi jibu linakuja haraka, tena la pamoja. Tutachanganya. Mapenzi kidogo, vichekesho kidogo, mauaji, mganga, halafu mwishoni somo kwa vijana. Ikifika episodi ya tatu, aliyekuja kwa ajili ya mapenzi anaona amebadilishiwa kipindi, na aliyekuja kwa ajili ya mauaji anaona anahubiriwa. Wote wawili wanahama.

Kuchanganya kwenyewe hakuna ubaya. Sharti ni moja: aina moja ibebe swali linalomrudisha mtazamaji kesho, nyingine zibebe ladha. Mkishindwa kusema kwa sentensi moja ni aina ipi imebeba swali, hamjafika mahali pa kuanza kushuti.

Ili ulinganisho uwe wa haki, tuchukue hadithi moja tuipitishe kwenye kila mchanganyiko. Mzee amefariki Kibosho, kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Wiki moja kabla ya Krismasi watoto wake wanapanda nyumbani, mmoja anatoka Dar, mwingine Mwanza, mwingine Arusha. Wa mwisho yuko kihambani, kwenye shamba la ukoo, na mama siku zote. Wosia haupo kabatini ulipokuwa. Na kule mpakani na jirani, mstari wa masale, mimea inayopandwa kuonyesha mpaka, umesogea hatua mbili kuingia kwao.

Aina moja tupu, au mchanganyiko?

Tamthilia ya aina moja ina faida ambayo vijana wengi wanaidharau: inajieleza yenyewe. Kituo kinajua kiiweke saa ngapi, mdhamini anajua tangazo lake litakaa pembeni ya nini, na mtazamaji aliyekosa siku mbili anarudi bila kupotea. Kama mmepata nafasi ya kuonyeshwa kila siku na mnatakiwa kutoa episodi nyingi mfululizo, simulizi ya mapenzi na familia, isiyo na vikorombwezo, ndiyo inayostahimili. Mchanganyiko unachosha waandishi mapema kwa sababu kila episodi inabidi ipimwe upya.

Ila fikirieni sebule ya Pasua au Sakina saa tatu usiku. Runinga moja, rimoti moja, bibi, mama, binti wa kidato cha tatu na kaka yake anayesikilizia mpira. Mapenzi matupu yanamtoa kaka. Vitisho vitupu vinamtoa bibi. Mchanganyiko unampa kila mmoja sababu ya kutogusa rimoti, na hiyo ndiyo nguvu yake kubwa katika nyumba za kwetu. Kwenye simu mambo yanageuka: mtu anatazama peke yake, anaamua kubaki au kuondoka ndani ya nusu dakika, na picha ya mbele na kichwa cha video lazima viahidi kitu kimoja. Mkiweka kwenye picha moja busu, bunduki na fuvu la kichwa, hamjaahidi chochote.

Tusisahau pia kwamba watazamaji wetu si wageni wa michanganyiko. Vibanda umiza vimewazoesha kuangalia filamu ya mapigano ya Kichina huku mtafsiri akitia utani wa mtaani juu yake. Angalieni anavyofanya mtafsiri mzuri: anachekesha watu wakitembea, wakila, wakijibizana. Pigano la mwisho likianza, anapunguza maneno. Anajua kwamba swali la filamu liko kwenye pigano, na utani ni ladha.

Majaribio mawili ya mwaka mmoja

Mwaka 1990 kituo cha ABC cha Marekani kilirusha michanganyiko miwili ya ajabu. Wa kwanza, Twin Peaks, ulianza Aprili: tamthilia ya mapenzi na siri za mji mdogo, iliyofungwa kwenye mauaji ya binti wa shule, na ndoto za kutisha juu yake. Wa pili, Cop Rock, ulianza Septemba: tamthilia ya polisi ya kweli kabisa, ambamo askari, watuhumiwa na hata baraza la mahakama walisimama wakaimba.

Cop Rock ilikufa baada ya episodi 11. Wimbo haukuwa mbaya kwa kuwa ni wimbo. Tatizo ni kwamba tamthilia ya polisi inaomba mtazamaji aamini kila kitu ni halisi, na wimbo unamwomba aache kuamini hivyo, kila baada ya dakika chache, bila aina moja kukubali kuwa chini ya nyingine.

Twin Peaks ilivuta watu zaidi ya milioni 30 usiku wa kwanza, kwa sababu vioja vyake vyote vilining'inia kwenye swali moja ambalo hata mtoto angeweza kulirudia: nani kamuua Laura Palmer? Novemba mwaka huohuo, kwa shinikizo la kituo, muuaji akafichuliwa. Vioja vikabaki, swali likaondoka. Juni 1991 ikafungwa. Ni kweli msimu wa pili ulihamishiwa Jumamosi usiku, na hilo lilichangia. Lakini mwandishi yeyote anayesoma zile episodi za katikati ataona tamthilia inayotafuta kitu cha kushikilia.

Sasa turudi Kibosho.

Familia na upelelezi

Huu ndio mchanganyiko tunaoupendekeza kwa kikundi cha kwanza, na tunaupendekeza kwa moyo wote. Swali liko wazi (wosia uko wapi, na nani amesogeza masale?), lokesheni ni chache, na wasanii hawahitaji mafunzo ya mapigano wala mavazi ya pekee. Upelelezi unabeba swali. Familia inabeba maumivu, na maumivu ndiyo yanayofanya jibu liwe na uzito.

Tazameni mistari hii mitatu, dada na kaka yake mkubwa wakiwa wamesimama mpakani:

DADA: Kaka Aloyce, haya masale yalikuwa hapa?
KAKA: Tangu enzi za mzee.
DADA: Mbona udongo wake mbichi?

Kwenye upelelezi, kaka hajibu. Kamera inakaa usoni kwake sekunde tatu, inashuka kwenye viatu vyake, tunakata. Kwenye vichekesho, kaka anajibu, "Mvua, dada'angu. Mvua ya huku haimuulizi mtu," na nyuma yake jirani anatokea na jembe begani, hapo kamera lazima iwe pana, watu wote watatu ndani ya picha moja, kwa sababu kicheko kiko kwenye sura ya anayesikia. Kwenye familia tupu, dada haulizi swali la mwisho. Anachuma jani la masale, analishika mkononi, na kila mtu wa mlimani anajua jani hilo hupelekwa kwa mtu unayetaka akusamehe. Mistari ileile, ahadi tatu tofauti.

Mkiamua upelelezi, andikeni kuanzia mwisho. Kwa msimu wa episodi 6, dalili saba zinatosha: nne za kweli, mbili za kupotosha, na moja ya kweli ambayo kila mtu ataisoma vibaya mpaka episodi ya tano. Bandikeni ukutani karatasi yenye safu tatu: dalili, nani anaijua, mtazamaji anaijua tangu lini. Kila episodi ifunge swali dogo na kufungua jingine. Mkifungua tu bila kufunga, ikifika ya nne mtazamaji anahisi anachezewa.

Kinachoharibu zaidi mchanganyiko huu ni mwendelezo wa picha. Bahasha ya wosia ikiwa ya kaki leo na nyeupe kesho, mtazamaji wa mapenzi hataona, wa upelelezi ataona na atadhani ni dalili. Teueni mtu mmoja, asiye mwigizaji wala mwongozaji, kazi yake iwe kupiga picha kwa simu kila kitu kabla na baada ya kila sini. Na mchague dalili zinazoonekana kwenye kioo kidogo: masale hayanyauki upesi yakihamishwa, kwa hiyo dalili iwe udongo uliofukuliwa, si majani.

Hesabu ya siku ni hivi. Skripti iliyopangwa vizuri hutoa kama dakika moja kwa ukurasa, kwa hiyo episodi ya dakika 24 ni kurasa 24. Timu ndogo humaliza kurasa 5 hadi 6 kwa siku kwenye sini za mazungumzo mchana, na kurasa 2 au 3 tu usiku nje. Hadithi hii inaweza kuandikwa ikiwa na kurasa 2 tu za usiku, hivyo episodi inaisha ndani ya siku 5. Chini ya migomba msishuti saa sita mchana: nyuso zinakuwa nyeusi na anga nyuma inaungua. Saa mbili hadi saa nne asubuhi panafaa, na tena kuanzia saa kumi jioni. Mkishuti Julai mtapata wingu na ukungu unaolainisha mwanga siku nzima, jambo zuri kwa mwendelezo, lakini Kilimanjaro yenyewe mtaiona kwa bahati.

Mapenzi na vichekesho

Hapa hadithi yetu inageuka. Mtoto wa Arusha amepanda na mchumba wake wa Kimeru, familia haijaambiwa, na msiba wa wosia unamfanya mchumba aonekane amekuja kuwinda mali. Mapenzi yanabeba swali: watamkubali? Vichekesho ni ladha.

Mfano bora duniani ni Yo soy Betty, la fea ya Colombia, iliyoandikwa na Fernando Gaitán na kuonyeshwa kuanzia 1999 hadi 2001. Ilichukua telenovela, yenye machozi na dharau za matajiri, ikaiingiza ofisini ambako kila sini ina kicheko, na nchi nyingi zikaitengeneza upya kwa lugha zao. Watu walimcheka Betty alivyojikwaa, lakini walirudi kesho kwa sababu walitaka athaminiwe. Kicheko hakikuwahi kugusa hilo.

Kosa la vikundi vya kwetu ni kumchomeka mchekeshaji. Anapewa sini zake, anafanya yake, hadithi inamsubiri amalize. Kipimo ni rahisi: ondoeni sini zake zote, kisha someni skripti. Kama hadithi inatembea vilevile, yule si sehemu ya mchanganyiko. Mpeni kitu anachokitaka ndani ya hadithi. Mjomba anayetaka apewe ng'ombe mmoja kabla wosia haujapatikana atachekesha na kusukuma mambo kwa wakati mmoja.

Kosa la pili ni la kuchelewa. Kicheko cha kwanza kitokee ndani ya dakika tatu za kwanza, hata kama ni kidogo, ili mtazamaji ajue ameruhusiwa kucheka. Kikija episodi ya tatu kitaonekana ni uigizaji mbovu. Na baada ya sini ya kilio, acheni sini moja nzima ipite kabla ya utani.

Kuhusu lafudhi: kumchekesha mtu kwa kuiga Kichaga au Kimaasai ndiyo njia fupi, na ndiyo inayochosha upesi, hasa mbele ya Wachaga na Wamaasai wenyewe walio sebuleni. Kicheko cha hali kinadumu. Lugha ya machalii wa Chuga, yaani vijana wa Arusha, iwe mdomoni mwa kijana anayestahili kuisema; ikijaza skripti yote, mtazamaji wa Tanga au Mombasa hatafuata.

Kwa gharama, msidanganyike kwamba vichekesho ni rahisi. Sini hurudiwa mara nyingi zaidi mpaka kipimo cha muda kikae sawa, hivyo kurasa 4 kwa siku ni mwendo wa kweli, yaani siku 6 kwa episodi. Na mchanganyiko huu una sharti ambalo ule wa upelelezi hauna: lazima muwe na angalau msanii mmoja anayechekesha watu wasiomjua. Jaribuni kwanza mbele ya wageni.

Uchawi na vitisho juu ya chochote

Vijana wanaupenda kwa sababu picha yake ya mbele inabofywa. Kwa hadithi yetu: masale hayakusogezwa na mtu.

Mchanganyiko huu unaweza kufanya kazi, na njia iliyothibitika ni ile ya The X-Files, iliyoanza 1993: aina mbili zikapewa watu wawili. Mpelelezi mmoja anaamini mambo yasiyoelezeka, mwenzake ni daktari anayetaka ushahidi, na kila kesi inavutana kati yao. Mtazamaji wa vitisho alikuwa na mtu wake, wa upelelezi ana wake. Kwetu, dada aliyesoma sheria na mjomba anayesikiliza ndoto wangetosha. Mbinu hii inafaa hata kwenye michanganyiko mingine.

Matatizo ni mawili. La kwanza ni usiku. Episodi yenye kurasa 10 za usiku inakula usiku 4 na mchana 3, mbwa wanabweka, vyura wanalia, jenereta inaingia kwenye sauti, na kwenye korido yenye bati mvua ikipiga hakuna mazungumzo yatakayosikika. La pili ni kanuni. Mtazamaji atakubali mizimu, hatakubali mizimu inayobadilika uwezo kila mwandishi anapokwama. Andikeni mambo matatu ambayo nguvu hiyo haiwezi kuyafanya, na myaonyeshe episodi ya kwanza. Mwaka 2002 kituo cha Fox kilirusha Firefly, mchanganyiko wa anga za juu na simulizi za wachunga ng'ombe wa Marekani, bila kufuata mpangilio. Episodi iliyoandikwa ili kuueleza ulimwengu wake ilirushwa mwisho. Zilitengenezwa 14, zikaonyeshwa 11, ikakatwa.

Na kuna jambo ambalo hatutalipunguzia maneno. Msimweke bibi mwenye macho mekundu kuwa mchawi. Kuna vikongwe waliouawa katika nchi hii, hasa Kanda ya Ziwa, kwa sababu ya macho yaliyokuwa mekundu kwa moshi wa kuni. Picha kama hiyo inaongeza hatari kwa mtu halisi, na hakuna idadi ya watazamaji inayoilipa.

Burudani na elimu

Arusha ina mashirika mengi, na kikundi chenye bahati kitaombwa tamthilia ya lishe, ya ukatili wa kijinsia au ya haki ya mjane kwenye ardhi. Fedha zipo, na hadithi yetu ya kihamba inakaa humo bila kulazimishwa.

Mbinu yake ina historia nzito. Miguel Sabido wa Mexico aliijenga kwenye telenovela miaka ya 1970: wahusika wa aina tatu, mmoja mwenye mwenendo mzuri, mmoja mbaya, na wa katikati anayeyumba, anayeumia, kisha anabadilika polepole. Kwetu Radio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa Twende na Wakati mwaka 1993, wenye ujumbe wa uzazi wa mpango na UKIMWI, huku eneo la Dodoma likiachwa bila matangazo hayo hadi 1995 ili watafiti walinganishe. Ulikuwa mchezo wa redio, lakini kanuni ni ileile kwenye runinga: wa katikati ndiye anayebeba swali. Hapa ni mama mjane, anayepima kama atawasema wanawe mbele ya ukoo.

Kinachoua ni hotuba. Daktari, mwanasheria au mwenyekiti wa kijiji anapoongea zaidi ya sekunde 20 bila kukatizwa, tamthilia imesimama. Mfadhili atataka ujumbe wote kumi uwemo. Kubalianeni naye kwa maandishi kabla ya skripti: ujumbe mmoja kwa episodi, uonekane kwenye matokeo ya uamuzi wa mhusika, na usirudiwe kwa mdomo.

Mahali pa kuonyesha

Nafasi ya nusu saa ya runinga, ukitoa matangazo, inabaki dakika 22 hadi 24. Kwenye YouTube video ikifika dakika 8 inaruhusiwa matangazo ya katikati, ndiyo maana wengi hukata episodi moja vipande vitatu. Upelelezi unavumilia kukatwa, kwa kuwa kila kipande kinaweza kuishia kwenye dalili. Vichekesho vinavumilia vizuri zaidi. Vitisho havivumilii kabisa: hofu inajengwa taratibu, na kila kukata kunairudisha mwanzo. Kibali cha Bodi ya Filamu kiombeni mapema mkiwa na skripti kamili, hasa kama kuna damu au uganga, maana maudhui hayo yanaamua daraja la umri, na daraja linaamua saa ya kuonyeshwa. Mkitaka picha za ndani ya hifadhi ya Kilimanjaro, hicho ni kibali kingine, cha TANAPA, shirika la hifadhi za taifa.

Mkipeleka kazi kwenye tamasha, mtaulizwa kundi. Hata wakubwa linawasumbua: tuzo za runinga za Marekani, Emmy, za 2015 zilitenganisha vichekesho na tamthilia nzito kwa urefu wa dakika, na Orange Is the New Black, iliyoshindania vichekesho mwaka mmoja nyuma, ikahamishiwa upande wa pili. Jazeni kundi la ile aina iliyobeba swali.

Kabla ya kukodi kamera, fanyeni jaribio hili. Kusanyeni watu kumi wa rika tofauti, wa Majengo au Ngarenaro, wasio ndugu wala marafiki zenu. Wasomeeni episodi ya kwanza kwa sauti, wasanii wakiigiza wamekaa. Ukimaliza, kila mmoja aandike kwenye karatasi, bila kushauriana: unataka kujua nini kesho? Karatasi saba zikiuliza jambo moja, shutini. Zikigawanyika nusu kwa nusu, kati ya wosia na mchumba kwa mfano, msiongeze maelezo kwenye episodi hiyo. Tafuteni swali dogo kati ya hayo mawili, lisogezeni mpaka episodi ya pili, msome tena kwa watu wengine kumi.